Maumivu Baada ya Kuzamia Si Uchovu: Dalili, Huduma ya Kwanza na Safari ya Hospitali

Kaskazi inapoingia na maji kutakata, shughuli za kuzamia huongezeka katika fuo za Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani na Galu hadi Shimoni, Wasini na Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Wageni huja kutazama matumbawe, samaki na kasa. Vijana wengi wa kaunti hupata riziki kwa kuwaongoza wageni hao, kuendesha boti, kujaza mitungi na kubeba vifaa. Wapo pia wavuvi wanaozama kutafuta kamba na jongoo bahari, wengine kwa pumzi zao tu na wengine kwa mitungi ya hewa.

Mtu akiulizwa hatari ya kazi hii, aghalabu hutaja papa. Ukweli ni kwamba papa humdhuru mpiga mbizi mara chache mno. Hatari kubwa zaidi imo katika hewa anayovuta, kina anachofika na kasi anayopandia. Majeraha yake mara nyingi hayatoki damu. Mtu huibuka salama, akala chakula, akarudi nyumbani, na saa chache baadaye bega likaanza kuuma au miguu ikaanza kufa ganzi. Wengi hudhani ni uchovu wa kazi, hulala wakitumaini kuamka wazima, na asubuhi hushindwa kusimama.

Kwa sababu hiyo, kanuni moja inafaa kujulikana na kila familia inayoishi kwa bahari: mtu aliyezamia kwa hewa ya mtungi, kisha ndani ya saa 24 akahisi maumivu, ganzi, udhaifu au hali yoyote asiyoielewa, achukuliwe kuwa ameumizwa na kuzamia mpaka daktari aseme vinginevyo.

Kinachotokea mwilini chini ya maji

Maji ni mazito. Kila mita 10 mpiga mbizi anazoshuka, mgandamizo juu ya mwili wake huongezeka kwa kiasi kile kile cha hewa yote iliyo juu ya bahari. Katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, katika mita 20 mara tatu, na katika mita 30 mara nne.

Watu wengi huita chombo kile cha mgongoni mtungi wa oksijeni. Jina hilo linapotosha. Mtungi wa kawaida wa kuzamia una hewa ile ile tunayovuta nchi kavu, iliyoshindiliwa kwa mashine. Karibu asilimia 21 ya hewa hiyo ni oksijeni, na karibu asilimia 78 ni nitrojeni. Mwili hauitumii nitrojeni. Chini ya maji, mgandamizo huisukuma nitrojeni ikayeyuka ndani ya damu na nyama za mwili, na kadiri mtu anavyokwenda chini zaidi na kukaa zaidi, ndivyo inavyozidi kuingia.

Mpiga mbizi anapopanda polepole, nitrojeni hiyo hutoka kidogo kidogo kupitia mapafu. Akipanda kwa haraka, au akiwa amekaa chini kupita kiasi, hutokea kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla: gesi iliyokuwa imeyeyuka hugeuka viputo. Viputo hivyo huziba mishipa midogo ya damu, hubana neva na kuvimbisha nyama za mwili. Huu ndio ugonjwa wa viputo, ambao madaktari huueleza kuwa ni ugonjwa wa kupungua kwa mgandamizo.

Kanuni za kuukinga zina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1908, mwanasayansi John Scott Haldane na wenzake, waliofanya utafiti kwa ajili ya jeshi la wanamaji la Uingereza, walichapisha majedwali ya kwanza ya kuwaonyesha wapiga mbizi jinsi ya kupanda kwa vituo. Saa za kisasa za kuzamia, zinazofungwa mkononi na kuhesabu kina na muda, zinaendeleza hesabu ya aina hiyo hiyo.

Dalili zinazodanganya

Dalili nyingi za ugonjwa wa viputo hujitokeza ndani ya saa sita baada ya kuibuka, na karibu zote ndani ya saa 24. Zinazoonekana mara kwa mara ni hizi:

- Maumivu mazito ya viungo, hasa bega, kiwiko na goti, yasiyopungua kwa kubadilisha mkao.
- Ganzi, kuchomachoma au udhaifu wa mikono au miguu.
- Kushindwa kukojoa, au kukosa hisia kuanzia kiunoni kwenda chini.
- Kizunguzungu, kutapika, kusikia mlio masikioni, au kuyumba wakati wa kutembea.
- Ngozi kuwasha au kuwa na madoa ya rangi ya zambarau.
- Uchovu usio wa kawaida na akili kuchanganyikiwa.
- Kupumua kwa shida, kukohoa na maumivu ya kifua.

Ganzi ya miguu na kushindwa kukojoa ni dalili za hatari sana, kwa kuwa huonyesha kuwa uti wa mgongo umeguswa. Mtu huyu hapaswi kusubiri hata saa moja.

Jambo linalochelewesha matibabu ni kwamba kila dalili ina maelezo mengine yaliyo karibu. Bega likiuma, husemwa ni kubeba mitungi. Kizunguzungu husemwa ni jua au njaa. Miguu ikikataa, wapo wanaosema ni upepo mbaya au kiumbe cha baharini, na mgonjwa huanza kuchuliwa kwa mafuta. Kuchua hakuondoi kiputo kilicho ndani ya mshipa. Dawa ya maumivu nayo inaweza kuficha dalili wakati madhara yanaendelea. Na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hukana kuwa ana tatizo, kwa aibu au kwa hofu ya kupoteza kazi. Mwenzake ndiye anayepaswa kumwangalia na kumsemea.

Ifahamike pia kwamba mtu anaweza kuugua hata kama alifuata masharti yote. Kuugua si ushahidi wa uzembe, na haifai mgonjwa alaumiwe mpaka anyamaze.

Mapafu, masikio na hewa chafu

Ajali ya haraka zaidi ni ya mapafu. Hewa hupanuka mgandamizo unapopungua. Mapafu yaliyojazwa hewa katika kina cha mita 10 yangehitaji nafasi mara mbili mtu anapofika juu. Akiizuia pumzi wakati wa kupanda, mapafu yanaweza kupasuka, hata akitoka kwenye kina kidogo kinachozidi mita moja. Hewa ikiingia kwenye damu na kufika ubongoni, mtu anaweza kuzirai, kupooza upande mmoja au kupata degedege ndani ya dakika 10 za kuibuka. Ndiyo maana mwanafunzi wa kuzamia hufundishwa sharti hili kabla ya mengine: vuta na utoe pumzi wakati wote, usiizuie kamwe.

Masikio ndiyo huumia mara nyingi zaidi. Maumivu huanza katika mita za mwanzo kabisa. Mpiga mbizi anatakiwa kusawazisha masikio kwa kubana pua na kupuliza taratibu, mapema na mara kwa mara, kabla maumivu hayajaanza. Sikio likikataa, apande kidogo na kujaribu tena. Likiendelea kukataa, aache kuzamia siku hiyo. Mwenye mafua asizame. Kusukuma kwa nguvu kunaweza kupasua kiwambo cha sikio, na maji yakiingia ndani ya sikio chini ya bahari, kizunguzungu kinachofuata kinaweza kumfanya asijue juu ni wapi.

Kuanzia karibu mita 30, nitrojeni huanza kulevya. Mtu hucheka ovyo, hufanya maamuzi mabaya au husahau kutazama kiasi cha hewa kilichobaki. Dawa yake ni kupanda mita chache, na ulevi huondoka.

Hewa yenyewe inaweza kuwa sumu. Mashine ya kujaza mitungi ikivuta moshi wa injini, wake au wa boti, gesi ya kaboni monoksaidi huingia mtungini. Gesi hiyo haina harufu, lakini ikichanganyika na moshi au mafuta hewa huwa na ladha mbaya. Kuumwa kichwa na kichefuchefu chini ya maji ni ishara ya kusitisha kuzamia na kupanda kwa utaratibu. Mdomo wa kuvutia hewa wa mashine uwekwe mbali na moshi, upande unakotoka upepo, na vichujio vibadilishwe kwa wakati wake.

Huduma ya kwanza, hatua kwa hatua

1. Mtoe mtu majini na uangalie kama anapumua. Asiyepumua apuliziwe hewa mdomoni mara mbili, kisha asukumwe kifua mara 30 kwa kasi ya misukumo 100 hadi 120 kwa dakika, na mzunguko uendelee hivyo hadi msaada ufike.

2. Anayepumua alazwe chali. Aliyezirai au anayetapika alazwe ubavu ili asipaliwe. Asiketishwe wala asitembezwe, hata akisema anaweza.

3. Apewe oksijeni safi mara moja, kwa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. Oksijeni ndiyo huduma ya kwanza muhimu kuliko zote kwa ugonjwa huu, kwa kuwa husaidia kuitoa nitrojeni mwilini na kulisha sehemu zilizokosa damu. Hewa ya mtungi wa kuzamia haichukui nafasi yake. Dalili zikipungua, oksijeni isiondolewe, na safari ya hospitali isifutwe. Wengi hupata nafuu njiani, kisha hali hurudi.

4. Akiwa na fahamu kamili na anaweza kumeza, apewe maji au maji ya chumvi na sukari ya ORS, kidogo kidogo. Asipewe pombe.

5. Asirudishwe chini ya maji kwa nia ya kuvibana viputo. Mtu aliyepooza au kuchanganyikiwa anaweza kuzama, na hewa ya mtungi itamwongezea nitrojeni.

6. Piga simu 999 au 112, au laini ya Msalaba Mwekundu 1199, na useme waziwazi kwamba mgonjwa ameumia kwa kuzamia.

7. Andika kina alichofika, muda aliokaa, idadi ya mizamo ya siku hiyo na saa dalili zilipoanza. Saa yake ya kuzamia ipelekwe naye hospitalini. Mwenzake aliyezama naye achunguzwe pia, kwani walikuwa katika kina kimoja.

Safari ya hospitali

Matibabu kamili ya ugonjwa wa viputo hufanyika katika chumba cha mgandamizo. Ni chumba cha chuma ambamo mgonjwa hurudishiwa mgandamizo mfano wa ule wa chini ya bahari, huku akivuta oksijeni, kisha mgandamizo hupunguzwa polepole. Utaratibu unaotumika sana duniani huanza na mgandamizo wa kina cha mita 18 na huchukua karibu saa tano. Wengine huhitaji kurudia kwa siku kadhaa. Anayefika mapema huwa na matumaini makubwa zaidi ya kupona kabisa. Hata hivyo, aliyechelewa naye apelekwe, kwa sababu wapo waliopata nafuu baada ya siku kadhaa.

Vyumba hivi ni vichache Afrika Mashariki. Katika Pwani ya Kenya, chumba ambacho vituo vya kuzamia vimekuwa vikikitaja katika mipango yao ya dharura ni cha Jeshi la Wanamaji, Mombasa. Kambi kuu ya jeshi hilo iko Mtongwe, upande wa kusini wa kivuko cha Likoni, kwa hivyo gari linalotoka Kwale halilazimiki kuvuka kwa feri. Lakini mgonjwa hapelekwi moja kwa moja langoni. Aanze hospitali iliyo karibu yenye oksijeni, ambako daktari atamchunguza, atamtuliza na kuwasiliana na wahusika kujua kama chumba kinafanya kazi siku hiyo. Shirika la kimataifa la Divers Alert Network, lililoanzishwa mwaka 1980, huwa na madaktari wa kuzamia wanaotoa ushauri kwa simu saa 24, na daktari yeyote anaweza kuwapigia.

Oksijeni ya njiani inahitaji hesabu. Kwa lita 15 kila dakika, saa moja hutumia lita 900. Kutoka Shimoni hadi Likoni ni takriban kilomita 75, na kabla ya hapo kuna mwendo wa boti kutoka Kisite. Safari ya saa mbili itahitaji lita 1,800. Mtungi mdogo wa lita 400 utakwisha kabla ya nusu saa. Kila mwenye boti ya kuzamia anapaswa kujua mtungi wake una lita ngapi na zitamfikisha wapi.

Ndege ya kawaida haifai kumbeba mgonjwa huyu, kwa kuwa mgandamizo hupungua angani na viputo hupanuka. Akilazimika kusafirishwa kwa ndege, rubani aambiwe mapema ili aruke chini kabisa, au itumike ndege inayoweza kudumisha mgandamizo wa usawa wa bahari.

Mzamo wa asubuhi, Nairobi usiku

Wapiga mbizi wengi wanajua kwamba hawatakiwi kupanda ndege mara tu baada ya kuzamia. Ushauri unaokubalika ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na angalau saa 18 baada ya mizamo kadhaa au ya siku kadhaa mfululizo. Wanachosahau ni kwamba mlima ni kama ndege. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na wataalamu hushauri kuchukua mwinuko unaozidi mita 600 kama safari ya angani.

Kwa hivyo mgeni anayezama Diani asubuhi, kisha akapanda treni ya SGR ya alasiri, anaweza kufika mwinuko huo kabla ya saa 12 kwisha. Anayeendelea hadi Limuru hupita mita 2,200. Waongozaji wa wageni wawaulize wateja kabla ya kushuka majini: unaondoka lini, na kwa njia gani? Siku ya mwisho ya likizo iwe ya kupumzika ufuoni.

Wanaozama kwa pumzi

Mvuvi anayezama bila mtungi kwa kawaida hapati ugonjwa wa viputo, lakini ana hatari yake. Kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama hakuongezi oksijeni ya maana. Kunachofanya ni kuondoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo humwambia mtu kwamba sasa anahitaji kupumua. Onyo hilo likiondoka, mtu huzirai akiwa bado majini, mara nyingi akikaribia kufika juu, bila kuhisi dalili yoyote. Dawa ni kuzama wawili wawili: mmoja chini, mmoja juu akimtazama, na kila mmoja apumzike vya kutosha baina ya mizamo.

Kujikinga na kujiandaa

Kasi salama ya kupanda haizidi mita 9 kwa dakika. Kabla ya kuibuka, mpiga mbizi asimame katika kina cha mita 5 kwa dakika tatu. Aliyehitimu mafunzo ya mwanzo asipite mita 18. Anywe maji ya kutosha, asizame akiwa na pombe mwilini, na mzamo wa kina kikubwa utangulie wa kina kidogo. Mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo, pumu isiyodhibitiwa au aliyewahi kupasuka pafu amwone daktari kabla ya kuzama. Mjamzito asizame kwa mtungi.

Wenye boti wahakikishe kuna oksijeni, barakoa, ORS, simu au redio inayofanya kazi, na angalau mtu mmoja aliyefunzwa huduma ya kwanza. Njia ya kufika hospitali ipangwe kabla ya safari. Wageni waulizwe kama bima zao hulipia ajali za kuzamia, kwani nyingi za kawaida hazilipii.

Wavuvi wanaotaka kutumia mitungi wapate kwanza maelezo ya kisheria kwa afisa wa uvuvi au kwa kikundi chao cha BMU. Na iwapo mtu ameshazama, kwa mtungi wake au wa kukodishwa na mnunuzi, na sasa anaumwa, hofu ya kuulizwa vifaa isimzuie kusema. Mhudumu wa afya anahitaji kujua jambo moja kwanza: mgonjwa huyu alizama kwa hewa ya mtungi, na aliibuka saa ngapi. Jibu la kweli mlangoni mwa hospitali linaweza kumrejeshea mtu miguu yake, na familia yake riziki yake.